Programu ya hisabati kwenye kishikwambi: inajua kosa, haijui mtoto

Nafundisha Darasa la Tatu hapa Uyole, Mbeya, na jioni nina watoto wachache wa tuisheni. Programu hii niliiweka kwenye kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Jina lake naliacha, maana nina ya kuisema.

Sifa kwanza. Mtoto akiandika 52 − 27 = 35, programu nyingi humwekea alama ya kosa na kusonga mbele. Hii inang'amua kwamba kwenye mamoja ametoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 7 ni kubwa, yaani hakukopa. Inampa 41 − 18. Akijibu 37, imemkamata. Wazo lenyewe ni la zamani: watafiti Brown na Burton walichapisha habari za BUGGY, programu ya kompyuta kuhusu makosa ya watoto katika hesabu, mwaka 1978, wakionyesha kwamba makosa mengi ya watoto yana utaratibu wake, si ya kubahatisha. Kwa hili naipongeza. Pia haili bando.

Tatizo ni inachofanya baada ya hapo. Vidokezo ni vitatu, kwa mpangilio uleule kwa kila mtoto: "Angalia mamoja", "Kopa kumi moja", kisha jibu. Watoto wangu hawakuchelewa kugundua. Wanabonyeza kidokezo mara tatu, wananakili, na programu inawahesabia wameelewa! Mimi darasani mwepesi namwacha ahangaike kidogo, mwoga namtolea vijiti. Ujuzi huo humo haumo.

Nilipekua mipangilio nikitafuta pa kuandika kanuni yangu: akirudia kosa lilelile, acha vidokezo, mrudishe kwenye makumi na mamoja. Hakuna, unaweza kuviwasha au kuvizima, basi. Ajabu, William Clancey, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilitatua hili mwishoni mwa miaka ya 1970. GUIDON, programu yake ya kufundishia, ilifundishia maarifa ya MYCIN, mfumo wa kompyuta wa kutambua maambukizi ya bakteria, lakini kanuni za ualimu zilikaa kando na za tiba. Ungeweza kurekebisha ufundishaji bila kugusa udaktari. Hawa watengenezaji wa programu yetu wamekoroga vyote chungu kimoja.

Naipa nyota tatu. Walimu wenzangu, zimeni vidokezo, itumieni kuchuja nani bado hakopi, kisha huyo mkae naye na vijiti vyenu.