Titi la silikoni la mtandaoni na la kitambaa la fundi wa Mwanga, nimevaa yote mawili

Haya jamani, niliahidi siku nyingi kuwasimulia haya matiti ya bandia ya kuvaa ndani ya sidiria. Mimi nilikatwa titi la kushoto kwa kansa, nikamaliza kemo, zile dawa za kansa, nikaenda Bugando Mwanza nikapigwa mionzi, nikarudi zangu Kigoma upande mmoja flati kama sinia. Wifi yangu ndo usiseme, kila akija, "tuchangishane ukatengenezewe jingine, we bado mbichi." Na mimi nilitaka, sidanganyi.

Sasa kabla sijafika kwenye haya ya kuvaa, niseme kwa nini nimeishia huku. Daktari alinibonyeza kifuani akanambia unaona hii ngozi haikunjiki, imewambwa kama ngoma, mionzi inaikaza na damu haipiti vizuri kama zamani, ukiingiza silikoni chini ya ngozi ya hivi inaweza kusumbua, kidonda kinagoma kufunga, au mwili unajenga gamba gumu kuizunguka mpaka titi linavutwa juu na linauma. Kwa aliyepigwa mionzi mara nyingi wanapendelea nyama yake mwenyewe, ya mgongoni au ya tumboni, kwa vile inakuja na mishipa yake ya damu, na hata hiyo usubiri ngozi itulie kwanza, miezi 6 hadi mwaka. Nyama ya mgongoni! Mimi nauza mawese, madumu ya lita 20 ndo maisha yangu, na tayari mkono wa kushoto nimekatazwa kuubebesha usije ukavimba. Tumboni nako nina makovu mawili ya kujifungulia, la tatu sitaki kwa sasa. Kilichonituliza ni aliposema kutengeneza titi hakuhusiani na kansa kurudi au kutorudi, na haina haraka, hata ikipita miaka mitano mtu anafanya tu. Nikamwambia basi ngoja kwanza.

Basi, titi la silikoni la kuvaa nilinunua mtandaoni, 95,000 na ya basi juu yangu. Muuzaji akatuma la kulia, eti yanafanana, hayafanani bwana, yale yana mkia unaoelekea kwapani, nikarudisha nikasubiri wiki tatu. Ila lilipokuja la kushoto, loh, zuri. Lina uzito kama la kweli, mabega yanakaa sawa, na mgongo uliokuwa unaniuma jioni ukaacha. Tatizo joto. Ikifika saa saba pale gengeni jasho linajaa chini yake na ngozi ya mionzi inaanza kuwasha mpaka nalichomoa nyuma ya madumu. Kila jioni nalifua kwa sabuni laini, nalirudisha kwenye boksi lake lisijikunje, na pini za kitenge nimezihama kabisa maana likitobolewa ndo kwaheri.

La kitambaa ndo stori yenyewe. Fundi ni mama mmoja wa Mwanga hapa hapa Kigoma, alinishonea sidiria mbili zenye mfuko ndani kwa 15,000 na titi la fulana ya pamba juu yake bure. La kwanza alijaza pamba tupu, nikiinua mkono linapanda hadi shingoni. La pili akatia uwele lipate uzito, nikalifua, kesho yake linanuka kimea na mbegu zinachipua, nilicheka mpaka mshono ukaniuma. La tatu akaokotesha vikokoto vya ufukweni Kibirizi, akavichemsha, akavishonea kimfuko akakizika katikati ya pamba, halafu akaenda kwa muuza dagaa mwenye mizani ya sahani mbili, silikoni huku, kitambaa huku, anapunguza kokoto moja moja. Muuza dagaa anauliza mama hiyo nini, fundi wala hakugeuka, "maini."

Hilo la vikokoto ndo navaa gengeni, linanyonya jasho, haliwashi, ila baada ya kufua siku nzima halijakauka kwa hiyo agiza mawili. Silikoni nimeliachia kanisani na harusini, maana kwenye gauni la kubana, hili la kitambaa linaonekana lina kona.

Mimi titi la silikoni nalipatia nyota 3, fundi 4. Moja nimemkata kwa ule uwele. Ijumaa mchana hafungui, na ukienda beba sidiria yako mwenyewe unayoipenda, za pale sokoni mikanda yake myembamba inakata bega.