Tor au VPN: Nani Anabaki na Siri Yako?
VPN, huduma ya kuficha shughuli zako mtandaoni, hupitisha mawasiliano yako katika seva za kampuni moja. Mtoa huduma wako wa intaneti haoni unakokwenda, lakini kampuni hiyo inaweza kupaona, kwa hiyo umehamisha tu imani yako. Tor, mfumo wa kutumia intaneti bila kujulikana ulioanzia katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, huufunga ujumbe kwa matabaka kama ya kitunguu na kuupitisha katika vituo 3, yaani kompyuta tofauti: cha kwanza kinakujua wewe, cha mwisho kinajua uendako, na hakuna kinachojua yote mawili. Ni kweli kwamba pazia hilohilo lilificha soko la dawa za kulevya la Silk Road hadi 2013. Hata hivyo, kwa mwandishi wa habari anayemlinda mtoa taarifa wake, nachagua Tor, ijapokuwa kurasa hufunguka polepole. VPN yatosha kwa Wi-Fi ya hotelini.