Palazzo Strozzi, Florence: anzeni na baraza kabla ya kukata tiketi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nipo Florence, Italia, na ninachowachambulia ni jumba zima: Palazzo Strozzi. Msingi wake uliwekwa 1489, na siku hizi ni mahali pa maonyesho ya sanaa.

Tusikimbilie kuingia. Tazameni hapa chini ukutani, benchi la mawe lililoshikana na nyumba. Mtu wa Lamu au Unguja haelezwi kitu: hii ni baraza! Na kama kwetu, wapita njia wameketi wanapumzika, hakuna anayewafukuza. Mwenye nyumba, Filippo Strozzi, alikuwa tajiri wa benki. Akina Medici, ukoo uliotawala Florence, walimfukuza mjini, akarudi 1466 na fedha zake. Alimtafuta hadi mnajimu amchagulie saa njema ya kuweka msingi. Miaka miwili baadaye akafariki, hakulala humu hata usiku mmoja. Ujenzi ulikwisha 1538.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaziona hizi pete za chuma? Za kufungia farasi. Na ile taa kule pembeni, mtazameni fundi! Ni kazi ya Niccolò Grosso, aliyepewa jina la utani Caparra, yaani Arbuni, kwa sababu hakugusa chuma kabla hujamlipa kitangulizi. Ukiiona kazi yenyewe, unaelewa kwa nini watu walitoa.

Uani mnaingia bure, na nguzo zake zinatuliza macho baada ya mawe makali ya nje. Tiketi ni ya maonyesho, na hayo hubadilika. Mwaka 2016 msanii Ai Weiwei alitundika boti 22 za mpira, za rangi ya chungwa, kwenye madirisha haya haya, kwa ajili ya wanaovuka bahari kuja Ulaya. Wengine kati yao ni ndugu zetu. Kwa hilo tu nalipenda jumba hili: kuta za tajiri zilikubali kuwabeba.

Ila nisiwafiche. Mkitaka kuona vitanda, jiko na vyombo vya kale, humu hamvipati. Vyumba vimeachwa wazi kupokea maonyesho, kwa hiyo angalieni kwanza ratiba. Wapenzi wa nyumba yenye samani zake waende Palazzo Davanzati, dakika chache kwa miguu kutoka barazani hapa nilipoketi.