Kabla ya kununua vichujio vya picha, uliza kama vinafunguka tena

Mwaka jana, katika msimu wa harusi, nilinunua kifurushi cha vichujio vya kuongeza kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, nikakitumia kwa picha 64 za mteja mmoja. Mama wa bibi harusi aliponiomba nilainishe uso wa binti yake lakini darizi za shela zibaki zimekolea vilevile, niligundua kuwa kichujio kilikuwa kimekwisha kuyeyuka ndani ya picha na hakirudi nyuma, hivyo kazi yote nikaianza upya.

Kwa hiyo sihesabu idadi ya vichujio. Nauliza jambo moja tu: baada ya kuhifadhi na kufunga faili, je, naweza kukifungua kichujio kilekile na kubadili nguvu yake mahali nilipopaka brashi?

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Nik Collection, kifurushi cha vichujio vya kampuni ya DxO. Ukiwa ndani ya Photoshop, ukigeuza tabaka la picha kuwa Smart Object, yaani tabaka linalohifadhi picha ya asili bila kuibadilisha, kabla ya kuweka kichujio, mipangilio yote hubaki hai. Kisha unabofya maski ya kichujio, yaani pazia linaloamua kichujio kionekane wapi, unachukua brashi nyeusi yenye nguvu ya asilimia 20 na kupitisha taratibu shavuni, na kila mpito hupunguza makali kidogo bila kugusa uzi wa shela ulio kando yake. Ukikosea, brashi nyeupe hurudisha ulichokifuta.

Ya pili ni Affinity, programu nyingine ya kuhariri picha, ambayo vichujio vyake hai huwa na maski yake ndani, tayari kupakwa. Tangu 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva, kampuni inayoimiliki. GIMP 3.0, programu ya bure, nayo ina vichujio vinavyoharirika baadaye, na kwa anayejifunza inatosha.

Linaloniudhi ni bei. Google iliinunua Nik mwaka 2012, ikaitoa bure 2016. DxO ikaichukua 2017 na malipo yakarudi, kwa dola, huku toleo jipya likija karibu kila mwaka. Hata hivyo ni afadhali mno kuliko muuzaji wangu, aliyejaza ukurasa wake picha za kabla na baada bila kutamka popote kuwa kazi haifunguki tena. Nilipomwandikia kulalamika, alinijibu kwa kunipa punguzo la toleo jipya, lenye kasoro ileile.