Letters from the Lighthouse: Olive, koti la dada yake na mnara wa taa

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo nina hiki hapa mkononi, kinaitwa Letters from the Lighthouse, kaandika Emma Carroll, mama mmoja wa Uingereza ambaye kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na kilitoka mwaka 2017. Ni riwaya ya watoto ila mtu mzima ukikaa nayo jioni moja unaweza ukajikuta umekesha.

Hadithi ni ya 1941, London, vita ya pili ya dunia. Kuna watoto watatu, Sukie ndo kifungua mimba, msichana mkubwa tu, halafu Olive ana miaka 12, halafu kitinda mimba Cliff ana miaka 8. Baba yao ameshakufa vitani. Sasa siku moja Sukie anawapeleka wadogo zake sinema, king'ora kinalia, ndege za Wajerumani zinakuja, watu wanakimbilia kujificha na kwenye purukushani hiyo Sukie anatoweka. Olive anazinduka yuko hospitali na koti alilonalo sio lake, ni la dada yake, na ndani ya koti kuna kikaratasi kimeandikwa kwa mafumbo, husomi ukaelewa. Dada hayupo. Sio kwamba maiti imepatikana wakazika, hapana, hayupo tu.

Na hapo ndo kitabu kilinishika. Vitabu vingi vya upelelezi vya watoto fumbo linakuwa mchezo tu, watoto wajanja wanawashinda wakubwa, basi. Huku fumbo ni mapenzi. Olive hatafuti maana ya kile kikaratasi kwa sababu anapenda vitendawili, anatafuta kwa sababu akiacha kutafuta maana yake amekubali kwamba dada yake hayupo tena, na yeye hajawa tayari na wala hataki kuwa tayari. Kila anayemwambia mwanangu tulia, kubali, anamuona kama anamzika Sukie akiwa hai. Kama kwenu kuna mtu alitoka asubuhi hakurudi na mpaka leo hamjui mseme marehemu au mseme msafiri, huyu mtoto mtamuelewa bila kuelezwa.

Haya, mama yao anaamua wale wawili waliobaki waondoke London, wanapelekwa pwani ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kijiji kinaitwa Budmouth Point, kijiji cha kutunga hicho msikitafute kwenye ramani. Wanaishia kuishi kwenye mnara wa taa na mlinzi wake anaitwa Ephraim, mtu mkimya, anaficha jambo, na Olive anaanza kuona kwamba kile kikaratasi cha kwenye koti na hicho kijiji vina uhusiano. Kuanzia hapo sisemi tena, someni wenyewe, na ambao mmeshasoma naomba msiwaharibie wenzenu huko kwenye komenti.

Sasa ngoja niwape historia kidogo maana kitabu hakikai kukufundisha, kinakutupa humo humo. Uingereza ilianza kuhamisha watoto tarehe 1 Septemba 1939, siku ile ile Hitler anaivamia Poland, na ndani ya siku chache waliondolewa mijini kama watu milioni 1.5, watoto, walimu wao, kina mama wenye vichanga. Mtoto anafungiwa kikaratasi cha jina kwenye koti, anabeba boksi lenye barakoa ya gesi, anapandishwa treni na mzazi hajui mwanae anashukia wapi. Wakifika wanapangwa kwenye ukumbi wa kijiji, wenyeji wanapita wanachagua, namtaka yule, huyu hapana, na serikali inamlipa mwenyeji shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Ndugu mara nyingi walitenganishwa kwa sababu mwenye nyumba ana nafasi ya mmoja tu. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini Olive anamng'ang'ania Cliff mkono hata pale Cliff anapomsumbua, na anamsumbua kwelikweli, ni mtoto wa miaka nane bwana.

Wengi walirudi makwao kabla hata ya Krismasi ya 1939 maana mabomu hayakuja kama walivyotishwa. Halafu Septemba 1940 yakaja, London ikapigwa usiku 57 mfululizo. Kwa hiyo akina Olive kuondoka 1941 sio ajabu, ni wale waliovumilia mpaka ikashindikana.

Kuna mhusika mwingine lazima nimseme, Esther. Mwanzoni utamchukia, mkali, ana maneno ya kuchoma, anamuandama Olive bila sababu. Baadaye unakuja kujua ni mtoto wa Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi, aliletwa na ule mpango wa Kindertransport, wale watoto karibu 10,000 walioingizwa Uingereza kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939 bila wazazi wao, na wengi wazazi hawakuwaona tena. Sasa mweke Esther na Olive kwenye chumba kimoja, kila mmoja kapoteza, kila mmoja anaona uchungu wake ndo mkubwa, na mwandishi hawapatanishi harakaharaka, anawaacha wagombane kwanza. Hapo nampa maksi zote.

Na msione haya ni mambo ya Wazungu wa mbali. Vita hiyo hiyo ndo ilileta wakimbizi wa Poland kama 5,000 pale Tengeru, Arusha, kuanzia 1942, wengi wanawake na watoto, na makaburi yao yapo mpaka leo. Watoto waliopotezana na ndugu zao walicheza kwenye ardhi yetu. Mwalimu wa historia mwenye darasa huko Arusha akikisomesha hiki kitabu halafu akawapeleka wanafunzi Tengeru, hilo somo halitasahaulika.

Kasoro? Zipo. Mama yao nilitamani apewe nafasi zaidi, mwanamke kapoteza mume, binti hajulikani alipo, na sisi tunamuona kwa mbali mno. Na kuelekea mwisho mambo yanafungana vizuri kupita kiasi, huyu kumbe anamjua yule, kile kumbe ni cha huyu, mtu mzima utasema mh. Mtoto hatalalamika, ila mimi nimelalamika.

Lugha yake ni nyepesi, Olive ndo anayesimulia mwenyewe, sura fupifupi. Mtoto wa darasa la sita au la saba ambaye Kiingereza chake kimekaa sawa atakimaliza peke yake. Mdogo zaidi ya hapo msomee wewe, sura moja kila usiku, na ile ya king'ora pale mwanzoni usimsomee saa ya kulala maana inatisha kweli. Kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, kisome wewe kwanza mpaka mwisho ndo uamue, watoto hawafanani, kuna atakayepumua na kuna atakayeanza kulia upya.

Na kama una watoto wawili wasioelewana, wape nakala moja wasome kwa zamu, mkimaliza niambieni nani alimtetea Esther.