Ukuta wa mawe au tuta la mchanga lenye mimea?

Kuanzia Diani hadi Kunduchi, mwenye kiwanja cha ufukweni hukabiliwa na swali hili mara bahari inapoanza kumega ardhi yake. Kwa gharama, tuta hushinda waziwazi: linahitaji mitambaazi ya pwani, ile yenye maua ya zambarau na majani kama ukwato wa mbuzi, pamoja na njia moja ya kupita watu ili miguu isiikanyage.

Kwa uimara, ukuta hulinda jengo tangu siku ya kwanza, ilhali tuta changa huweza kuliwa na dhoruba moja. Hata hivyo, wimbi linalogonga ukuta huchota mchanga ulio mbele yake na kuhamishia mmomonyoko kwa jirani, naye kasa hukosa pa kutagia; hasara hii, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno.

Matunzo ya tuta ni kutoling'oa wala kulifagia, jambo gumu kwa hoteli zinazopenda mchanga mtupu. Ukuta huhitaji fundi kila msingi unapochimbika.

Aliyejenga hatua chache kutoka pale bahari inapofika ikijaa huenda hana budi kujenga ukuta. Mwenye nafasi nyuma ya ufuo aanze na mimea.