Cassandra kwenye mashine 3 za Kigoma: uzoefu wangu

Tangu Machi 2022 naendesha klasta ya Cassandra, databesi inayokaa kwenye mashine kadhaa kwa pamoja, yenye nodi 3, yaani mashine 3, hapa Kigoma. Moja iko Kibirizi, moja Mwanga, moja Ujiji. Kazi yake ni kutunza uzito wa dagaa wanaopimwa mwaloni pamoja na malipo ya kila chombo. Si mfumo mkubwa, lakini kila kilo inayoingia humo ni jasho la mtu aliyekesha ziwani, kwa hiyo haifai ipotee wala ihesabiwe mara mbili. Vijana wenzangu wa kazi hii, wa hapa na wa Tabora, wamenipigia simu mara kadhaa kuuliza kama inafaa. Inafaa. Ila ina sharti moja ambalo nililielewa kwa kuchelewa, na hilo ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa.

Kilichonipeleka huko ni umeme. Mji wetu umeishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na hata sasa mtu wa kompyuta Kigoma huanza hesabu zake kwa kujiuliza umeme ukikatika itakuwaje. Zamani tulikuwa na databesi ya kawaida kwenye mashine moja pale Mwanga. Ikizima, karani wa Kibirizi anarudi kwenye karatasi. Na dagaa hawasubiri: vipe, vyombo vya wavuvi wetu, hurudi alfajiri, kreti zinapimwa, na jua likianza kuwa kali wachuuzi na akina mama wa kuanika wameshazibeba. Usipoandika pale pale, mchana unaandika kwa kumbukumbu, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Cassandra ilianzia Facebook, ikiandikwa na Avinash Lakshman na Prashant Malik kwa ajili ya kutafuta ujumbe kwenye sanduku la barua, kisha mwaka 2008 ikatolewa wazi kwa kila mtu. Leo iko chini ya taasisi ya Apache na haina malipo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawa waliamua kumwondoa nahodha kabisa. Nodi zote ni sawa. Yoyote inapokea maandishi, yoyote inajibu swali, na kila sekunde zinapashana habari nani yu hai na nani kanyamaza. Wenyewe mtindo huo wameuita umbea, na ndivyo ulivyo, maana habari ya mmoja inawafikia wote bila mtu kutumwa.

Sisi tumeweka nakala 3, yaani kila rekodi ipo kwenye mashine zote. Kinachonifurahisha hadi leo ni kwamba kwa kila ombi unachagua wewe mwenyewe ni nodi ngapi zikubali kabla ya kusema kazi imekamilika. Uzito wa kreti tunauandika kwa kiwango cha ONE: nodi moja ikipokea, karani anaendelea. Kila mzani una namba yake na kila upimaji una namba yake, kwa hiyo hata Ujiji ikikatika na wenzake, inaandika peke yake na baadaye zinaunganishwa bila kugongana. Malipo hayaandikwi hivyo hata kidogo. Malipo yanakwenda kwa QUORUM, nodi 2 kati ya 3, na kusoma pia 2, ili anayesoma lazima akutane na angalau mmoja aliyeandika. Kiungo cha Ujiji kikikatika, karani wa Ujiji hawezi kulipa hadi kirudi. Walinilalamikia. Nikawaeleza kuwa kuchelewa kulipa kunatibika, ila kumlipa mtu mara mbili halafu kwenda kumdai ni kuvunja undugu.

Katika hilo mfumo umenilipa fadhila zangu. Nimeamka usiku mara nyingi, nikaandika nodetool status, amri inayoonyesha hali ya nodi, nikaangalia zile herufi mbili mwanzoni mwa kila mstari. UN maana yake nodi iko juu na inafanya kazi kama kawaida, DN iko chini. UN, UN, DN. Nikarudi kulala, na asubuhi upimaji ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mtu aliyezoea kukimbizwa na pikipiki saa 10 usiku kwenda kuwasha mashine, hiyo ni neema.

Sasa lile sharti.

Wavuvi wetu huwavuta dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi vyombo vingi hupumzika, watu wanashona nyavu. Nikaona hizo ndizo siku za kufanya nodetool repair, ile amri inayozilinganisha nodi na kusawazisha zilipotofautiana. Ni kazi nzito kwa diski na kwa mtandao, na siku za giza mashine zimebanwa. Niliona nimepanga vizuri mno. Kwa zaidi ya mwaka nilifanya hivyo.

Siku moja mwaka 2023 karani wa Kibirizi aliingiza ukurasa mmoja mara mbili, kreti 27 za vyombo kadhaa. Usiku wake, saa 8, umeme wa Ujiji ulikatika na betri ya akiba haikufika mbali. Asubuhi saa 2 karani akagundua kosa, akanipigia, tukafuta zile rekodi za pili. Kibirizi na Mwanga zikakubali. Saa 4 umeme wa Ujiji ukarudi, UN zote tatu, nikaridhika.

Ili mwenzangu asije akapita nilipopita mimi, naomba nieleze kilichokuwa kinaendelea ndani. Cassandra haifuti kwa kuondoa. Inaandika alama kwamba rekodi hii imekufa, na wenyewe wanaiita jiwe la kaburi. Nodi ikiwa chini, wenzake humwekea akiba ya maandishi yaliyompita, lakini kwa saa 3 tu tangu alipozima. Tulipofuta, Ujiji ilikuwa imeshazima saa 6, kwa hiyo hakuna aliyeiwekea habari ya kifo. Rekodi zile 27 zikabaki hai kwake. Hilo peke yake si hatari, mradi jiwe la kaburi bado lipo kwa wale wawili: ukisoma kwa QUORUM lazima mmoja wao aseme huyu amekufa. Lakini mawe hayakai milele. Kuna mpangilio unaitwa gc_grace_seconds, na usipougusa ni sekunde 864000, yaani siku 10. Zikipita, mafaili yanapounganishwa jiwe linaondolewa pamoja na maiti yake. Baada ya hapo Kibirizi na Mwanga hazina kumbukumbu yoyote kwamba rekodi zile ziliwahi kuwepo, na Ujiji inazo nzima.

Nilianza kuona ajabu wiki ya pili. Chombo kimoja kilikuwa na kreti 214 za mwezi ule. Ukiuliza tena, 219. Ilitegemea ni nodi zipi mbili zimejibu, na mimi nikadhani ni programu yetu. Mbalamwezi ikafika, siku ya 17 tangu tufute, nikaendesha repair kama ilivyo ada. Ikalinganisha nodi, ikakuta Ujiji ina rekodi ambazo wenzake hawana, na kwa uaminifu wake wote ikazinakili kwa wenzake. Ikamaliza bila neno moja baya kwenye logi. Tangu hapo jibu likawa 219 kila ukiuliza.

Aliyelikamata kosa ni mwenye chombo, mzee mmoja anayeandika kila kreti kwa mstari wa kalamu kwenye daftari la shule, mistari minne na wa tano unakata katikati. Alikuja ofisini na lile daftari limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniongezea kreti."

Tukahesabu pamoja, kidole chake kikitembea juu ya mistari. 214. Akasema, "Hizi tano si zangu. Leo nikizichukua, siku nyingine zikipungua utanitazama kwa jicho gani?" Nilikaa na maneno yale siku nzima. Mashine 3 zenye nakala 3 zilikuwa zimekubaliana juu ya uongo, na daftari moja la karatasi ndilo lililokuwa na kweli.

Mwezi wa mbinguni una siku 29 na nusu. Wa Cassandra una siku 10. Repair lazima imalizike kwenye kila nodi kabla siku hizo hazijaisha, iwe giza, iwe mbalamwezi. Sasa Kibirizi inafanyiwa Jumapili usiku, Mwanga Jumanne, Ujiji Alhamisi, kila wiki, kwa nodetool repair -full -pr, ili kila nodi ishughulikie sehemu yake bila kurudia ya mwenzake. Ile akiba ya saa 3 nimeipandisha hadi saa 12, maana kukatika kwetu kwingi ni kwa usiku mzima. Nodi ikilala zaidi ya siku 10 haiamshwi na data yake ya zamani. Inafutwa na kujengwa upya kutoka kwa wenzake. Na kubwa kuliko yote, hatufuti tena rekodi ya uzito. Tunaandika hali yake kuwa batili, inabaki, na sababu inabaki. Nadhani hata bila Cassandra hesabu za watu zilipaswa kutunzwa hivyo tangu mwanzo.

Jambo la pili la kuogopa ni saa. Maandishi mawili yakigongana, Cassandra inachukua lenye muda wa baadaye, na muda huo kwa kawaida unawekwa na programu inayotuma, si na nodi. Kompyuta ya karani wa Ujiji ilikufa ile betri ndogo ya saa, mtu akaweka tarehe kwa mkono, akazidisha siku moja. Karani akaandika kilo 38 badala ya 83. Tukasahihisha kutoka Mwanga. Hakuna kosa lililotokea, amri ikakubaliwa. Ukisoma, 38. Ukisahihisha tena, 38. Kwa saa 24 nzima masahihisho yetu yalihesabika kuwa ya zamani kuliko kosa lenyewe. Siku hizi chrony, programu ya kuzisawazisha saa, iko kwenye kila mashine, na programu ya mizani inagoma kufungua kama saa imeachana na ya seva. Betri ile inauzwa madukani hapa mjini kwa hela ndogo.

Mengine kwa haraka. RAM ya GB 4 usijaribu. Nilijaribu, nodi zikawa zinakufa zenyewe. Tuna GB 16 kila mashine na diski za SSD, inatosha. Diski isijae kupita nusu, kwa sababu kuunganisha mafaili kunahitaji nafasi ya kuandikia upya. Nilianza na toleo la 3.11 lenye tokeni 256, yaani vipande vya data inavyogawiwa, kwa kila nodi, na hilo linaifanya repair iwe ndefu. Anayeanza leo atakuta 16, aziache hivyo hivyo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, nilitumia nafasi ile kupanda hadi 4.1, nodi moja baada ya nyingine, na hakuna siku mfumo uliosimama. Hapo naisifu kwa moyo wote.

Ripoti ni habari nyingine. Huwezi kuunganisha jedwali na jedwali kama ulivyozoea, unaanza na swali kisha unajenga jedwali la kulijibu. Dada wa uhasibu akitaka jumla ya siku kwa mwalo mzima badala ya kwa chombo, ni jedwali jipya na data ile ile inaandikwa mara ya pili. Tunayo manne sasa yenye uzito ule ule. Amezoea kunipa taarifa wiki mbili kabla, na namshukuru kwa uvumilivu wake.

Kwa hiyo kama ofisi yako iko jengo moja na una inveta nzuri, chukua databesi ya kawaida kama PostgreSQL, weka nakala ya akiba sehemu nyingine, ulale. Kama una vituo vinavyokatikiana na kila kimoja lazima kiendelee kuandika, Cassandra itakubeba, mradi yupo mtu mwenye jina anayejua kuwa repair ni kazi yake. Kwa wenye klasta kubwa ipo programu ya Reaper, iliyoanzia Spotify, ya kuipanga na kuifuatilia. Mimi kwa nodi 3 natumia cron, kipanga kazi cha mashine yenyewe, na kila asubuhi naangalia kama ya jana ilimalizika.

Mashine ya Ujiji sasa imechoka, feni inalia na diski imeanza kutoa maonyo. Mpya imeshafika. Nitaiingiza mahali pake kwa mpangilio wa replace_address_first_boot, unaoifanya nodi mpya ichukue nafasi ya ya zamani, mbalamwezi ijayo, wakati mwalo umetulia, na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo repair yake itafuata. Yule mzee ameniahidi kuja na daftari tulinganishe tena.